Ngazi 11 na mtoto wa kilo 2



Juma lililopita, kwenye mkutano wa chama, mama mmoja mjamzito alituuliza: "Ninyi mnaokaa kwenye mteremko, mliwezaje na mtoto mchanga?" Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana jibu lake si la dakika 2. Tukamwahidi kuliandika hapa. Tunaoandika ni watatu wa nyumba moja: mama mkwe, mkamwana na wifi yake. Tumekubaliana kwamba pale tulipokosea tutasema "sisi", hata kama mkono uliofanya ulikuwa wa mmoja. Nyumbani kwetu hakuna aliyekosea peke yake. Wengine waliona, wakanyamaza.

Kwa wasomaji wasioijua Musienene: huku nyumba haikai uwanjani, inakaa ubavuni mwa kilima. Ukitoka Butembo kwa mota kwenda Lubero utaziona. Upande wa barabara nyumba inaonekana fupi, ya kawaida. Ukizunguka nyuma unakuta ina miguu mirefu, na kati ya miguu kuna vyumba vingine vilivyochimbwa kwenye udongo. Matajiri wa Butembo wakijenga etaji wanapanda juu. Sisi tunashuka.

Yetu ni ya namna hiyo. Juu, sawa na barabara, kuna salo na vyumba 2, kuta za mbao na sakafu ya mbao. Chini yake kuna stoo ya viazi na maharagi, na chumba kidogo cha mama mkwe. Jiko la kuni liko pembeni, peke yake. Kati ya juu na chini kuna ngazi 11 za udongo na mawe, nje, bila paa. Kutoka jikoni unashuka ngazi 7 nyingine kufika chooni, na kutoka hapo kijia kinateremka mpaka kwenye chemchemi. Kwa hiyo tunalala juu, tunapika katikati, choo kiko chini, na maji yako chini zaidi. Mtu mwenye afya hahesabu ngazi zake. Sisi tulianza kuhesabu mwezi wa 10, mvua ikipiga karibu kila mchana.

Mtoto alikuja mapema, karibu mwezi mmoja kabla ya siku yake, na kwa operesheni. Kilo 2 na gramu 100. Jina lilikuwa limemngoja, kama mnavyojua desturi yetu Wanande: mzaliwa wa kwanza akiwa mvulana ni Paluku, akiwa msichana ni Masika, hakuna kuumiza kichwa. Nguo pia zilikuwepo, ingawa zote zilikuwa kubwa mno kwake. Kitu ambacho hatukuwa tumekitayarisha ni nyumba. Tulifikiri nyumba ni nyumba, mtoto ataikuta.

Tena chumba cha pili cha juu hakikuwa chetu tena. Tangu vita ilipofika Kanyabayonga, mwishoni mwa Juni 2024, wengi wenu mmepokea ndugu waliokimbia kutoka kusini mwa Lubero, nasi pia. Hatulalamiki. Tunasema tu kwamba palibaki chumba kimoja juu na kimoja chini, na ilibidi kuchagua.

Mama mkwe alitaka mzazi akae chini, karibu na moto, ambapo uji na maji ya moto havichelewi. Ndivyo yeye mwenyewe alivyolelewa na mukaka wake. Mkamwana alitaka juu, kwa sababu chumba cha chini hakina dirisha, ukuta wa upande wa kilima unatoa unyevu mvua ikinyesha, na moshi wa jikoni unaingia wote. Hatukutaka kugombana siku ya furaha. Tukakata shauri lililompendeza kila mtu na ambalo halikumfaa yeyote: usiku juu, mchana chini.

Mama huyo alikuwa ametoka hospitali siku ya 8 tangu apasuliwe. Walikuwa wamemwambia asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki 6. Bido moja ya maji ni kilo 20, hiyo tulielewa, hakugusa bido. Lakini hakuna aliyewaza kuhusu ngazi. Anashuka asubuhi na mtoto, anapanda kuchukua nepi, anashuka, anapanda kumlaza, anashuka kula, anashuka tena chooni. Siku ya pili wifi alihesabu: mara 14 kwenye ngazi zile 11, bila kutaja zile 7 za chooni. Alihesabu, lakini hakusema. Alisema baadaye.

Siku ya 3, mvua ilikuwa imetoka kupita, mama akateleza kwenye ngazi ya 4 kutoka juu. Hakumwachia mtoto. Alikaa kwa nguvu, akapiga goti kwenye jiwe, na usiku ule kidonda cha tumbo kilimuuma kama siku ya kwanza. Kesho yake kilikaguliwa, nyuzi zilikuwa salama. Ndipo tukasema basi, mama na mtoto watakaa juu, mchana na usiku, na kila kitu kitawafuata huko.

Lilikuwa shauri jema. Hata leo tungelirudia. Tatizo ni namna tulivyolitimiza.

Ninyi wa Beni mnaosoma hapa, mlio chini kwenye joto, mtatucheka, lakini baridi ya usiku ya milima hii si mchezo, hata kama ikweta iko karibu kiasi cha kuifikia kwa miguu. Chumba cha juu ni cha mbao, upepo unapita kati ya ubao na ubao. Kwa hiyo tuliziba. Tuliingiza vitambaa na makaratasi kwenye kila nafasi, tukapigilia turubai upande wa upepo, tukafunga dirisha, tukaweka gunia chini ya mlango. Tukajisifu sana kwa kazi hiyo. Kisha, saa 2 za usiku, tukapandisha mbabula.

Haikuwa na moshi. Tunataka mwelewe hapo, kwa sababu ndipo tulipodanganyika. Moshi tuliuogopa, ndiyo maana hatukuleta kuni. Tuliwasha makala nje, tukangoja mpaka yakawa mekundu yote, hayatoi harufu, ndipo tukaiingiza ndani na kuiweka mbali na kitanda isije ikaunguza chandarua. Tuliona tumetimiza akili zote. Walilala humo watatu: mama, mtoto na wifi.

Karibu na saa 8 za usiku mama aliamka kwa sababu ya saa yake ya kunyonyesha. Kichwa kilikuwa kizito kama kimefungwa jiwe. Alidhani ni uchovu. Wifi naye alikuwa ameamka kabla yake, akatapika kwenye baseni, akadhani ni maharagi ya jioni au malaria inamwanza. Wakaambiana maneno machache ambayo hakuna anayeyakumbuka vizuri. Mama akamchukua mtoto amnyonyeshe, na mtoto hakutafuta titi. Alikuwa na joto, alikuwa analegea tu, mdomo wazi. Hapo ndipo mama alipoogopa. Alitaka kusimama, miguu ikakataa, akaanguka juu ya mbao.

Nyumba yenye sakafu ya mbao ina faida hiyo moja. Mama mkwe, aliyelala chini, alisikia kishindo juu ya kichwa chake. Alipanda ngazi 11 gizani, bila viatu, akasukuma mlango na gunia lake. Anasema hakusikia harufu yoyote. Aliona tu watu watatu wasiokuwa sawa na makala mekundu pembeni. Hakuuliza. Aliwatoa wote barazani, mtoto kwanza, kwenye baridi ileile tuliyoikimbia. Baada ya muda mtoto alilia. Wamama, hatujawahi kufurahia kilio namna hiyo.

Jirani mwenye mota alitupeleka hospitali usiku uleule, polepole kwa ajili ya kidonda. Waliwekewa hewa ya oksijeni, na tulikaa siku 3. Hatukugombezwa. Muuguzi aliyetupokea alituuliza swali moja tu, kabla ya kuuliza homa: "Mlilala na mbabula?" Maana yake si sisi wa kwanza.

Alitueleza hivi, nasi tunawaeleza. Makala yanapoungua hutoa hewa ya sumu, inaitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hutoka hata makala yakiwa mekundu safi, na katika chumba kilichofungwa hujaa. Ikiingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika, kukosa nguvu, usingizi mzito, yaani zilezile tunazozizoea za malaria na uchovu. Mtoto mchanga na mama mwenye mimba wanaumia mapema kuliko wengine. Alama ya kuiangalia ni kwamba watu wa chumba kimoja wanaumwa pamoja, kwa saa moja. Ikitokea, toeni watu nje kwanza, fungueni milango, kisha mwende kwa daktari, hata kama mnajisikia nafuu. Na kuacha dirisha wazi kidogo si dawa. Mbabula haina kazi chumbani mwa kulala, basi.

"Sasa mtoto wa kilo 2 atapata wapi joto?" mama mkwe aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza. Mtoto mdogo hivyo hawezi kujitunzia joto. Muuguzi akasema: "Mlifundishwa juma la kwanza." Ni kweli. Walikuwa wametufundisha kanguru, tukafanya kule hospitali kwa kutii, tukaiacha mlangoni tulipotoka. Tulidhani ni mambo ya hospitali tu, kwa wasio na moto.

Kumbe ilianza kwa sababu ya ukosefu wa vyombo. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati na mashine chache za kuwatunzia joto, akawafunga watoto kwenye vifua vya mama zao. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wote waliozaliwa kabla ya wakati au chini ya kilo 2 na nusu wafanyiwe hivyo tangu mwanzo, saa 8 mpaka 24 kwa siku, hospitalini na nyumbani. Saa 24! Sisi tulikuwa tumefanya labda 2.

Inafanywa hivi. Mtoto anavuliwa, anabaki na nepi, kofia na soksi. Anasimamishwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kati ya matiti, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe huru na uso uonekane. Kikwembe kinafungwa kumzunguka yeye na mama, kwa nguvu ya kutosha asiteleze, kisha mama anavaa nguo yake ya baridi juu. Mama analala ameegemea mito, si chali kabisa. Zito ni kukaa hivyo siku nzima. Sisi tunajua kubeba mtoto mgongoni, mikono inabaki huru kwa jembe na sufuria. Kifuani, mama hawezi kulima wala kusonga bugali. Anapaswa kukaa. Na kwetu mwanamke anayekaa anatafutiwa jina.

Kwa hiyo tulipokezana. Mama alichukua usiku na asubuhi, wifi mchana, na jioni baba wa mtoto. Ndiyo, baba. Siku ya kwanza alijifungia chumbani. Juma la pili alikuwa anakaa barazani, kikwembe kifuani, kofia ndogo ikitokeza kwenye shati, na wanaume wanaopita wakimwuliza amejifungua lini. Alikuwa anawajibu tarehe.

Mambo mengine ya chumba tuliyapanga tuliporudi, na mengi hayakugharimu. Vitambaa vyote tulivyoziba juu ya ukuta tulivitoa, tukaacha turubai upande mmoja wa upepo. Kitanda tulikisogeza mbali na dirisha. Mtoto alipotoka kifuani alilazwa chali, chini ya chandarua, bila mto. Chini ya kitanda tuliweka ndoo ya usiku yenye kifuniko, na haya tukaiachia mlangoni: wifi aliishusha kila asubuhi. Mezani palikaa termosi 2, moja ya uji na moja ya maji ya moto, ili usiku pasiwe na wa kushuka. Ile ndoo yenye robine tuliyonunua wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, ilikuwa imegeuka ya kuwekea chumvi ya mbuzi. Tuliiosha, tukairudisha mlangoni pa juu na sabuni yake. Kila anayetaka kumwona mtoto alinawa kwanza, hata mzee wa kanisa. Nepi zilifuliwa chini lakini zilianikwa juu, barazani, maana kupanda na baseni ya nguo mbichi kila mara ni kutafuta kuanguka.

Na fimbo. Mama alikuwa na fimbo ya kugonga sakafu, kwa kuwa jikoni hawasikii sauti mvua ikipiga mabati. Mgongo mmoja: leteni maji. Miwili: njoo unipokee mtoto. Mitatu: pandeni wote, haraka. Ya tatu haikugongwa hata siku moja, lakini mama mkwe anasema alilala vizuri zaidi kwa kujua ipo.

Ngazi zenyewe zilitengenezwa na wanaume wa nyumba Jumamosi moja. Walikata upya zile zilizoliwa na mvua, wakapanga mawe bapa, wakachimba mfereji kando ili maji yasipite katikati, wakafunga mti wa mkaratusi pembeni wa kushikilia mkono. Changarawe tulibeba sisi. Kazi ya siku moja, iliyongoja miaka 9. Tungeifanya mimba ikiwa na miezi 5, mwezi wa 7 wakati mvua ni chache, kama tungekuwa na akili ya leo. Mama uliyetuuliza, bado una muda. Hesabu ngazi zako juma hili, na umpe baba wa mtoto hiyo hesabu mkononi.

Mfuko wa solidarite wa chama ulitusaidia makala ya jikoni na sabuni, na wamama 4 walipokezana kutuletea bido za maji kutoka chemchemi kwa mwezi mzima, kila mmoja siku yake. Hawakutaka tuwataje. Wanajijua.

Kwenye kilo ya wiki ya 6, siku ya chanjo, mtoto alikuwa na kilo 2 na gramu 950. Mama mkwe alimwomba muuguzi apime mara ya pili.

Sasa ana miezi 7. Anakaa peke yake, amezungukwa na mito, na bado hajatambaa, lakini haitachelewa. Baba yake ameshapima mbao za mlango mfupi wa kufunga kichwa cha ngazi, komeo upande wa nje, juu, asiufikie. Juzi tulimpa kijiko cha mti acheze. Tulikuwa jikoni wawili, mvua inaanza, tukasikia mgongo mmoja juu, kisha mwingine, kisha wa tatu. Tulipanda ngazi zote 11 tukikimbia, na maji mkononi, tukamkuta amekaa, mama yake pembeni anamsuka mjukuu wa wageni nywele, na kijiko kimeinuliwa tayari kwa wa nne.